Maiki Tuliyomnyima Mheshimiwa

Asanteni kwa kunipa nafasi. Msidhani nimesimama hapa nilie, kulia nilishamaliza. Wengi wenu mnanijua, mimi ndiye hushona yunifomu za shule pale mtaa wa Huruma, hapa Eldoret. Leo nataka kuwaeleza vile nilianguka baada ya kumzika bwanangu, na vile niliinuka. Majina sitataja. Wengine hata hawastahili kutajwa.

Mzee wangu alikuwa daktari wa mifugo. Alichanja ng'ombe kule mpakani, wa upande wetu na wa upande wa Uganda, maana wanakunywa maji kwa mto mmoja. Asubuhi moja akiwa zizini, wezi wa mifugo kutoka upande wa Uganda wakatokea na bunduki, wakampiga risasi mbili. Ndugu zangu, nawaambia, mwanaume mzima na bunduki ya vita alimpiga mtu aliyeinama anachanja ndama. Halafu huyo akirudi kwao anaimbiwa kama shujaa. Shujaa wa ndama.

Tulimzika kwetu, karibu na Moi's Bridge. Mheshimiwa mmoja akaja na chopa, hizi helikopta zao. Ilitua kwa shamba langu la maharagwe, vumbi ikafunika jeneza na sufuria za chakula. Alishika maiki karibu saa nzima. Akalaani mauaji kwa nguvu zote, mnajua vile wao hulaani, kisha akaingia mambo ya uchaguzi. Jina la mzee wangu alikosea mara tatu, na lilikuwa limeandikwa kwa msalaba mbele ya macho yake. Sisi tukampigia makofi. Mimi pia nilipiga. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Nikarudi Huruma mtu mwingine. Cherehani ilikaa miezi bila kuguswa. Binti yangu akitoka shule ndiye alikuwa anapika, mimi nimelala nikiangalia ukuta. Nikachukia Uganda nzima. Kuna mama wa huko huuza matoke karibu na duka langu, nikaacha kumsalimia. Mama ambaye labda hajawahi kuona bunduki.

Siku moja ndugu ya marehemu akanijia. "Shemeji, na sisi tutafute yetu," akaniambia. "Kuna mtu mpakani anaziuza."

Nikamwambia aende. Mimi, mtu wa kwaya, nilikubali bunduki iletwe kwa boma ya marehemu.

Alipokuwa njiani, mchungaji wetu akanivuta mpaka kwa mkutano wa familia zilizofiwa, hapa hapa mjini. Kufika, nakuta wamealika na watu wa Uganda. Mama mmoja wa kutoka huko akaninyooshea mkono. Sikuushika.

"Nyinyi ndio mliua bwanangu," nikamwambia, watu wote wakisikia. "Lakini na sisi sasa tunanunua yetu."

Hakukasirika. Akavuta kiti, akakaa.

"Kaka yangu alisema maneno hayo hayo," akasema. "Akanunua moja kutoka kwenu Kenya, ya kulinda ng'ombe. Njaa ilipokuja, akaiuza. Yule aliyeinunua ndiye alimpiga binti yangu risasi akichota maji."

"Ulijuaje ni hiyo?"

"Kitako cha ile bunduki kilikuwa kimepasuka, nikakifunga mimi mwenyewe na mpira wa baiskeli. Polisi walipoikamata, nikaona mpira wangu." Akaniangalia. "Sasa niambie, dada. Hiyo yenu mtauzia nani?"

Nikatoka nje nikampigia shemeji simu.

"Rudi," nikamwambia.

"Lakini niko karibu kufika."

"Ukileta hiyo kitu, nitaipeleka polisi, na wewe pamoja nayo."

Alinitukana, lakini alirudi. Mpaka leo haniongeleshi. Wacha akasirike, bora yuko hai.

Tangu siku hiyo familia za pande zote mbili tukaanza kutembea pamoja. Tulitaka kitu kimoja tu: polisi wa Kenya na wa Uganda wakague pamoja ile barabara ambayo kila mtu anajua bunduki hupitia. Tulikaa kwa mabenchi ya maofisi huku na huko. Afisa mmoja akatuuliza, chai mkononi, "Nyinyi akina mama mnajua nini kuhusu usalama?" Nikamjibu tunajua kuosha maiti. Akaendelea na chai yake.

Basi tukaweka sheria yetu wenyewe. Kwa mazishi ya mtu aliyepigwa risasi, mwanasiasa hashiki maiki. Atakaa, atakula, atalia kama anaweza.

Ya kwanza ilikuwa mazishi ya mwalimu mmoja kule mpakani. Mjane wake alikubali. Na nani akashuka kutoka kwa chopa? Yule yule wangu. Akaja moja kwa moja, mkono mbele. Maiki nilikuwa nayo mimi.

"Mama, unajua mimi ni nani?"

"Tunakujua, mheshimiwa. Bwanangu ulimzika na jina la mtu mwingine. Kaa chini."

Akageuka kutafuta mtu wa kumtetea. Yule dada yangu wa Uganda akamletea kiti cha plastiki. Akakaa.

Kuna mtu alirekodi, video ikazunguka nchi mbili. Mheshimiwa ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kutuona, wiki hiyo hiyo akatutafuta. Maiti hazikumgusa, aibu ndiyo ilimgusa. Sawa, tukamshika na hiyo aibu mpaka akawasukuma wakubwa wa polisi. Leo kizuizi kipo, polisi wa nchi mbili wamesimama barabara moja, magunia yanafunguliwa na bunduki zinakamatwa. Sitawadanganya, watu bado wanakufa. Lakini kazi imeanza.

Namshukuru mchungaji aliyenivuta. Namshukuru binti yangu. Namshukuru mama wa matoke, nilimwomba msamaha akanichagulia mkungu mzuri bila kuniuliza kitu. Na dada yangu wa Uganda, huyo sina maneno ya kumshukuru.

Nilichojifunza ni hiki. Ukifiwa, kuna watu watakuja kuomba huzuni yako waitumie, mmoja ameshika maiki, mwingine anauza bunduki. Usiwape.

Jumamosi tuna mazishi mengine mpakani, kijana wa bodaboda. Dada yangu ameshatangulia kukaa na mama ya kijana. Mnaotaka kuja, njooni mtusaidie kupika na kuchimba kaburi. Wenye hotuba wabaki Eldoret.