Sombe ya Mechi Nzima

Sogeeni karibu, wanangu, Crispin hapa kando yangu na Laetitia pale miguuni, na hiyo televisheni iacheni iwake bila sauti, maana sauti ya leo ni yangu na imebaki kidogo.

Baba yenu mdogo, Bienaimé, amenionyesha karatasi atakayosoma kwenye matanga yangu. Miaka yangu ishirini na miwili ya kutangaza mpira redioni kule Bukavu imo, ukimbizi umo, hata ofisi za Wazungu nilizofagia mtaa wa Schuman zimo. Kitabu changu cha mapishi hakimo. Nilipomuuliza, aliniambia polepole, kama anayembembeleza mtoto, kwamba wanaume wa kwetu watacheka. Bon, wacheke. Walinicheka nikiwa mzima na sikufa.

Crispin, usiangalie chini. Najua ni wewe uliyemwomba akiache. Nimekusamehe, lakini leo utanisikia.

Mama yenu Kahambu alipougua hapa ugenini, Ixelles, ninyi mlikuwa wadogo na mimi nilikuwa sijawahi kushika mwiko. Nilinunua sombe kwenye maduka ya Waafrika pale Porte de Namur, nikayapika yale majani ya muhogo robo saa tu, kama épinards, ule mchicha wa Wazungu, mkala, mkatapika wote wawili. Nililia, mimi niliyezoea kuamsha uwanja mzima kwa kelele. Kahambu alicheka mpaka akakohoa, akasema palepale kitandani:

"Josias, sombe haiko épinards. Acha itokote mechi muzima."

Tangu siku ile alinifundisha akiwa amelala, nami nikaandika kama nilivyojua kuandika, kwa dakika: filimbi ya kwanza, maji na majani, mapumziko, kitunguu na pilipili, dakika ya sabini, mawese. Ndicho kitabu hicho kinachowatia haya. Maneno yake ya mwisho yamo humo, na anayekificha anatuzika sisi wawili mara ya pili.

Donc, nawaagiza. Daftari zangu za mechi ni za Laetitia. Sufuria kubwa ni yako, Crispin, na siku ya matanga wanawake watakaa vitini, wewe utapika, mbele ya wanaume wote, dakika tisini kamili, kitabu kikiwa kando yako. Bienaimé akinuna, mpe kisu amenye vitunguu.

Mungu awalinde, awape nyumba zenye watu na chakula cha kuwatosha, na asiwaonjeshe aibu ya kuwaonea aibu wazazi wenu. Nimewaachia radhi yangu yote... Nipeni maji. Basi, yatosha.

Crispin, sombe ipo kwenye friza. Washa moto sasa hivi, nataka kuisikia harufu yake... Hapana, mwanangu, usifunike. Sufuria iache wazi.

Na mlango pia. Majirani wasikie nani anapika.