Maji Aliyoyakataa Baba Mkwe

Sabato njema, ndugu zangu. Bwana asifiwe! Naomba nishuhudie nikiwa nimekaa, maana miguu imechoka, na hata sauti imechoka. Mimi ni Kemunto, mama Nyaboke, niliyezaliwa Birongo nikaolewa huku Nyamira kwa Mzee Ombui.

Huyo Mzee Ombui, baba mkwe wangu, alikuwa mtu wa nguvu, lakini miaka ile ya sabini moyo ulianza kumbana. Akipanda kutoka shamba la chai anasimama, ameshika kifua. Madaktari wa huku wakamtuma Nairobi, hospitali kubwa. Mume wangu Makori alikuwa kazini Mombasa, na mama mkwe Bosibori magoti yalikuwa yamemkataa. Basi nikampeleka mimi, kwa sababu ya Kiswahili nilichookota nikiuza ndizi Keroka. Mzee alijua Ekegusii peke yake.

Ndugu zangu, mnaijua chinsoni, ile haya ya wakwe. Baba mkwe hatukumwangalia usoni. Hatukumpa mkono. Mambo ya mwili wake hatukuyataja kabisa. Sasa mimi ndiye nikawa mdomo wake na masikio yake.

Daktari Joshi alimtoa damu kwanza. Akaniambia damu inaonyesha figo zimeanza kuchoka, na ile dawa ya rangi watakayoipitisha kwa mrija mpaka kwenye mishipa ya moyo, ili picha ionekane, inaweza kuziumiza. Kwa hiyo mzee anywe maji mengi, akojoe kwenye chupa, nami nimbebee Sista Wanjiru apime. Baadaye watatoa damu nyingine, walinganishe.

Mrija ukaingia, ukatoka salama. Nikashukuru mapema. Sista akiuliza kama mzee amekunywa, nami namuuliza nikitazama sakafu, anajibu amekunywa. Amekojoa? Amejiendea chooni mwenyewe. Natafsiri hivyo hivyo.

Damu ya pili ikakataa. Uchafu ambao figo huosha ulikuwa umepanda. Daktari akasema mtu anayekunywa maji hawezi kuwa na damu hii. Hapo Mzee Mutiso, Mkamba wa kitanda cha pili, akacheka.

"Maji yake nakunywa mimi. Tangu jana nawakojolea Wakisii."

Kumbe! Hakutaka kujaza chupa ambayo mke wa mwanawe angeibeba. Afadhali afe. Na mimi sikuona midomo imekauka, macho yameingia ndani, kwa kuwa sikumwangalia. Damu iliona nisichoruhusiwa kuona.

Daktari hakukaripia. Alisema tu kwamba figo zikilala kabisa, hana la kuziamsha.

Nilichoka, ndugu zangu. Kulala kwenye benchi, kuogopa, kuwa peke yangu. Nikaomba bila maneno. Kisha nikainua macho nikamtazama baba mkwe usoni, mara ya kwanza tangu niolewe.

"Tata, baba yangu, kunywa. Ukojoe. Chupa nitabeba mimi."

Akageukia ukuta. Halafu akasema, bado ametazama ukuta:

"Mama Nyaboke, lete maji."

Mkojo ulikuja kidogo, mweusi kama chai ya rangi, kisha mwingi. Nikabeba chupa. Damu iliyofuata ikashuka, Bwana asifiwe! Nyumbani wazee waliponung'unika kwamba nimevunja chinsoni, baba mkwe aliwaambia kama kuna mbuzi wa kutolewa kusafisha mwiko, atamtoa yeye. Aliishi, akawabeba wajukuu.

Sasa ni zamu yangu. Wamenitoa damu, wamesema figo zangu zimechoka kama mwenyewe. Juzi nyumbani alikuwepo mkwe wangu tu, Nyamweya, mume wa Nyaboke. Alisimama mlangoni na kikombe, ametazama chini. Nami nikageukia ukuta.

Nikamkumbuka mzee. Nikageuka, nikamwambia Nyamweya ainue macho, alete maji.

Wewe unayeficha ugonjwa kwa haya, Mungu anaijua damu yako. Mtumaini, na daktari umwambie ukweli. Mimi nimemshukuru Bwana, nimemaliza. Kwaya iimbe, nami nipumzike.