Bwana Alinisimamisha Kando ya Bwawa la Viboko

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe na kwaya, asifiwe na wale wa viti vya nyuma, asifiwe na wageni wetu mliotoka Thika kuja kuabudu nasi hapa Ruiru. Mchungaji, asante kwa nafasi. Mnanijua mimi si mtu wa maneno mengi. Nikishika maikrofoni hii huwa ni kutangaza chai ya akina mama, halafu narudi kuketi. Lakini leo nimesema hapana. Jambo ambalo Mungu amenitendea, nikilinyamazia nitakuwa mgonjwa!

Jina langu ni Wanjiru. Wengi mnaniita Mama Ciku. Nimefanya kazi miaka mingi kwa kiwanda cha nguo pale Eneo la Viwanda, Thika, nikishona kola za mashati. Kola tu, ndugu zangu! Asubuhi kola, jioni kola. Nilikuwa na kaka mmoja, Mwaura, kitinda mimba wa mama yetu. Alikuwa amekodi shamba kando ya mto, kule chini upande wa Kilimambogo, akilima sukuma wiki na mishiri, yale maharagwe ya kijani, na kuleta soko la Thika. Kijana wa kucheka. Akikuja kwangu, ploti nzima inajua Mwaura amefika.

Asubuhi moja alienda kuwasha pampu ya maji. Kiboko alikuwa ametoka usiku kula majani na bado hajarudi mtoni. Mwaura hakumwona kwa sababu nyasi ilikuwa ndefu. Akasimama pale, kati ya mnyama na maji yake. Sitasema mengine. Walimleta nyumbani wakiwa wamemfunika, na mama yangu akafunua.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa hofu. Nilikuwa nikisikia maji ya mfereji yakianguka kwa ndoo, moyo unaruka. Tukipita kwa daraja la mto, nafunga macho. Nikisikia mtu anacheka kwa sauti, nageuka nikidhani ni yeye, halafu nalia mbele ya watu. Niliombewa. Nilifunga. Nikawa sawa kidogo, nikarudi palepale.

Sasa sikizeni vile Mungu hufanya mambo yake. Baada ya mazishi, afisa mmoja wa wanyamapori alikuja kwetu kutupa pole. Akatueleza kwamba kiboko akiona mtu amemzibia njia ya maji, hushambulia, kwa sababu maji ndiyo usalama wake. Akasema zamani kulikuwa na njia wazi za wanyama kwenda mtoni, siku hizi mashamba yamefika mpaka ukingoni. Nikamuuliza, "Na hawa vijana wanaolima pale, kuna mtu aliwahi kuwaambia hivyo?" Yule afisa alitikisa kichwa.

Hilo swali lilikataa kunitoka. Nilienda nalo kazini, nikalala nalo. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, nami nikiwa mmoja wao, wenzangu walitafuta kazi viwanda vingine. Mimi nikaenda chuo kimoja Thika, nikajiandikisha diploma ya uhifadhi wa wanyamapori. Mimi, mwanamke wa umri wangu! Darasani vijana waliniita mathe, yaani mama. "Niaje mathe, umekuja kumletea nani chakula?" Nikawaambia nimekuja kusoma kama nyinyi, na songeni, hapo ni mbele na mimi nataka kuona ubao.

Lakini mama yangu hakucheka. Nilipomwambia, aliweka chini kisu cha kukata mboga.

"Wanjiru. Unaenda kusomea yule aliyemuua mtoto wangu?"

"Mami, nataka kusiwe na mwingine."

Akachukua kisu chake, akaendelea kukata mboga. Na kutoka siku hiyo, ndugu zangu, hakuongea na mimi tena. Nikienda kumwona ananipikia, ananiwekea sahani, anakaa pale tukikula. Neno, hakuna. Hiyo ilinikata kuliko yote.

Nilisoma kwa machozi lakini nilisoma. Mitihani nilipita. Ikabaki kitu kimoja. Kozi yetu ina mafunzo ya nyanjani, ile wengi tunaita attachment. Unapelekwa mahali pa kazi halisi, unasimamiwa, na mwishoni chuo kinakupa alama zinazohesabiwa kwa diploma yako. Bila hizo alama hauhitimu, hata ukiwa umepita kila mtihani. Mwalimu wetu, Madam Achieng, ndiye aliyetugawia vituo. Vijana wengine walipelekwa kuhesabu ndege wa mwituni, wengine kutunza miche ya miti ya kienyeji. Mimi akaniambia, "Wewe unakaa Ruiru. Nimekupatia karibu na nyumbani. Kuna bwawa kwa lile shamba la zamani la kahawa, kuna kikundi kinachunga viboko."

Viboko!

Nilitaka kusema hapana. Mdomo ulisema, "Asante, Madam."

Siku ya kwanza nilipokelewa na msimamizi, Bwana Wekesa, mtu wa Bungoma, mpole. Alinipa chai, akanionyesha kibanda chao, kisha akasema, "Mama, twende uwaone wenyeji." Nikamfuata. Tulipokaribia matete nilisikia ile pumzi. Kama umewahi kusikia kiboko akitoa pumzi akiibuka majini, unajua. Ndugu zangu, sikumbuki nikigeuka. Nakumbuka nikiwa kwa stage ya boda boda na kiatu kimoja! Kingine kilibaki kwa tope. Kesho yake Bwana Wekesa alinipatia hicho kiatu kikiwa kimeoshwa na kukauka, na hakuniuliza lolote.

Basi wiki nyingi nilifanya kazi ya kibandani. Nilienda shule za karibu kufundisha watoto. Nilichora ramani. Nilikuwa mtu wa bidii, na bwawani sikukanyaga. Mpaka Madam Achieng akaja kunikagua. Akatembea huku na huku, akaongea na Bwana Wekesa, kisha akaniita kando.

"Wanjiru, najua habari ya kaka yako. Pole sana. Lakini siwezi kukupa alama za mnyama ambaye hujawahi kumwangalia. Ukitaka, nikuhamishie kituo cha wale ndege wa mwituni. Itabidi ungoje mpaka mwaka ujao."

Ilikuwa njia rahisi, na ilitolewa kwa upendo. Nilifika nyumbani nikiwa nimeamua kuichukua. Lakini Jumatano hiyo nilikuja kwa maombi hapa hapa, na akina mama mkanizunguka. Mnakumbuka? Mlinishika mikono mkaomba, mwingine kwa Kikuyu, mwingine kwa Kiluhya, mwingine analia tu. Na nikiwa katikati yenu, ombi langu likabadilika. Nilikuwa nimekuja kumwomba Mungu aniondolee viboko. Nikajisikia nikisema, "Bwana, nipe miguu." Hayo tu. Nipe miguu ya kusimama.

Asubuhi nikampigia Madam Achieng simu, nikamwambia, "Siendi kwa wale ndege. Nitamaliza hapa."

Msidhani ilikuwa muujiza wa mara moja! Siku moja nilifika kwenye mkaratusi ulio kati ya kibanda na maji, nikarudi. Siku nyingine nikasimama pale mpaka kikombe changu cha chai kikaisha. Nikasogea kwa matete. Nikakimbia, nikarudi tena kesho yake. Bwana Wekesa alikuwa anasimama nyuma yangu tu, kimya, kama mtu anayengoja gari. Na asubuhi moja nikafungua macho, nikawaona. Masikio yanatikisika juu ya maji. Mama na ndama wake amelala mgongoni mwake. Na ndugu zangu, miguu ilibaki! Haleluya!

Kutoka hapo nikaanza kuwajua. Kulikuwa na dume kubwa lenye sikio lililoraruka, linatoka upande wa mashariki jioni na kurudi alfajiri kwa njia ileile. Upande huo kahawa imeng'olewa, ni ploti zinauzwa na kujengwa. Nyumba za kupangisha zinakua pale kila mwezi.

Asubuhi ya siku ambayo ninaishuhudia leo, Bwana Wekesa alikuwa amesafiri. Nilifika kibandani nikasikia makelele. Nikakimbia. Mtu alikuwa amezungushia ploti yake mabati mapya, na yale mabati yalikuwa yamekata njia ya lile dume. Lilikuwa limesimama nje, jua limeshatoka, maji linayaona lakini haliwezi kufika. Na pahali palipokuwa pamebaki wazi, kati yake na bwawa, watu walikuwa wamejaa! Wapangaji, mafundi wa mjengo, akina mama na watoto mgongoni. Wengine wanapiga picha. Wengine wameokota mawe. Mtu akaita, "Leteni mapanga! Huyu ataua mtoto wa mtu!"

Nikampigia Bwana Wekesa. Akasema, "Nakuja, lakini niko mbali. Mama, watoe watu kati yake na maji. Hilo tu. Watoe."

Nikaangalia ule umati. Ndugu zangu, sikuona watu wale. Nilimwona Mwaura amesimama pale na pampu yake.

Nikaingia katikati nikipiga kelele, "Ondokeni hapo! Rudini nyuma ya nyumba! Mpeni njia!"

Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akanigeukia kwa hasira. "Wewe ni wale wa wanyama! Unamtetea kwa sababu hujui uchungu!"

Nikamwambia, "Dada yangu, najua. Kaka yangu aliuawa na kiboko. Mimi ndiye nilimfunga vifungo vya shati la kuzikwa. Na aliuawa kwa sababu alikuwa amesimama vile wewe umesimama sasa hivi, mnyama upande huu, maji upande ule. Hakuna mtu alikuwa amemwambia. Mimi nakuambia. Tafadhali, toka hapo na mtoto!"

Yule mama akaangalia nyuma, akayaona maji. Akatoka. Alipotoka yeye, wengine wakamfuata. Mawe yakawekwa chini, moja, lingine, mpaka nikawa nasikia miguu tu kwenye changarawe.

Bado yalibaki mabati, kwa sababu lile dume hufuata njia yake ileile, na ile nafasi wazi haikuwa njia yake. Msimamizi wa mjengo, kijana, alikuwa amesimama na nyundo mkononi. "Mathe, hii fensi nimeweka jana. Mdosi mwenye ploti akipata nimeng'oa nitasema nini?"

"Sema ni Wanjiru. Mwambie akuje kibandani."

Akanitazama. Halafu akamwita Mungu kwa Kikuyu, "Ngai!" akaanza kung'oa misumari. Mafundi wenzake wakashika mabati upande wa nyuma, wakayalaza taratibu. Tukarudi nyuma ya ukuta wa nyumba, sote. Lile dume lilisimama kidogo, likapumua. Ile pumzi! Na mimi niko hapo, macho wazi kabisa, nangoja moyo uruke. Haukuruka. Likapita kwenye lile pengo, likiwa na haraka ya mtu aliyechelewa kazini, tukasikia maji yakipasuka. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga magoti kwa vumbi nikamshukuru Mungu kwa sauti yangu yote!

Ile hofu ilibaki pale, ndugu zangu. Machozi bado ninayo, Mwaura ni kaka yangu. Lakini hofu imeniacha!

Habari ilifika kwa mama yangu kabla sijafika mimi. Juma hilohilo alikuja Ruiru bila kunipigia, akapanda boda boda mpaka bwawani. Nilimwona anakuja na kitambaa chake cha kichwa cha kwenda kanisani. Akasimama kando yangu. Tukaangalia maji. Akanyoosha kidole kwa lile dume, akauliza, "Ni huyo?"

"Si huyo, mami. Yule alikuwa wa mtoni, mbali."

Akakaza fundo la kitambaa chake. Kisha akasema, "Na ungekuwa pale siku ile, ungemwambia Mwaura atoke."

Nikasema, "Ningemwambia, mami."

Akanishika mkono. Tulikaa hivyo mpaka chai ya kibandani ikapoa.

Madam Achieng alirudi, na safari hii tulifanya ukaguzi wetu kwenye ukingo. Alama nimepewa zote. Nitahitimu! Mwenye ploti naye alikuja, alikuwa amekasirika, tukaongea, akasogeza fensi yake akaacha njia. Na sasa vikundi vya wakulima wa kando ya mto vimeniita niende nikawaeleze. Nitaenda. Wakiniita tena, nitaenda tena. Sitachoka.

Nawashukuru akina mama wa Jumatano. Namshukuru Bwana Wekesa, na Madam Achieng ambaye hakunihurumia kwa njia ya kunidanganya. Na zaidi ya wote namshukuru Yesu, aliyenipa miguu.

Labda kuna mtu ameketi hapa na kuna mahali hawezi kufika. Ni hospitali ulikompoteza mtu. Ni barabara. Ni nyumba ya mtu wa damu yako. Sikuambii ukimbilie huko leo. Nakuambia mwombe Mungu leo, na kesho usogee kidogo, na ukirudi nyuma usione haya, keshokutwa usogee tena. Yeye hachoki kusimama nyuma yako. Kama ni wewe, njoo hapa mbele, mimi nitakushika mkono, akina mama watatuzunguka, tuombe. Usiogope kuwa wa kwanza. Njoo.