Kwaheri Mama Vyura, Mlinzi wa Kinamasi Chetu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuitumikia halmashauri yetu, Afisa Mazingira anastaafu. Jina lake liko mlangoni mwake, lakini nani alilitumia? Kwetu sote ni Mama Vyura. Madiwani walimpa jina hilo kwa kejeli. Yeye akalivaa kama nguo ya sikukuu, na wenye kejeli wakaishiwa.

Alikuja msichana mwembamba, mabuti ya mpira yamemzidi miguu. Tangu siku hiyo korido zetu hazijajua usafi. Ukimaliza tu kupiga deki, huyo anapita na matope. Ukimkaripia anacheka, anakupokonya tambara apige deki mwenyewe. Na akipiga, heri angeacha.

Matope hayo ni ya kinamasi cha nyuma ya stendi, chenye vyura, korongo na fisi maji, ambacho wengine walikiona jaa tu. Baraza lilipotaka kukifukia pawe maegesho ya malori, sheria iliagiza wananchi wasikilizwe kwanza. Mama Vyura akataka mkutano ufanyike palepale kinamasini, watu wajionee. Wazo zuri. Saa ndiyo akaichagua vibaya: saa sita mchana, jua la utosi! Chura gani anaimba saa hiyo? Kimya kama makaburini. Diwani akaangaza huku na huku, akauliza, "Mama, hawa wanao wamekwenda likizo?" Watu wakacheka, wakaenda zao. Baraza likapiga kura, na nusu ya kinamasi ikafukiwa.

Alilia ofisini, mlango wazi, bila kumficha mtu. Mvua zilipofika, maji yaliyozoea kulala kinamasini yakaja kulala vitandani mwetu. Hapo ndipo na sisi tulipolia.

Baraza lilipoigeukia nusu iliyobaki, uchaguzi ulikuwa unabisha hodi. Mama Vyura ni mtumishi wa umma, siasa kwake ni mwiko, na hakumtaja mgombea hata mmoja. Alichofanya ni kupakia viti vya ukumbi kwenye trekta la taka na kuvipanga tena kinamasini. Safari hii jua linazama, mvua imetoka kunyesha. Jamani, vyura! Diwani akapaza sauti, hakusikika. Akapaza tena, wakamzidi. Ndipo mama muuza nyama wa sokoni, ambaye koo lake halihitaji kipaza sauti, akainuka: "Mheshimiwa, hao ndio wenye nyumba! Ukiwafukia, maji yao yatahamia kwangu tena. Na kabla hayajafika kwangu, mimi nitakuwa nimeshafika kwenye sanduku la kura!"

Diwani aliahidi palepale kwamba hakitafukiwa, akasahau kesho yake. Wapiga kura hawakusahau. Baraza walilolichagua likapitisha sheria ndogo: hakuna kufukia, hakuna kumwaga taka. Mwaka huu fisi maji ameonekana na watoto wake, wanateleza kwenye matope kama watoto wa shule waliotoroka.

Lakini tusidanganyane. Sheria ndogo iliyopitishwa kwa kuinua mikono inaweza kufutwa kwa kuinua mikono. Mama Vyura anajua, ndiyo maana hata chakula hakimshuki vizuri siku hizi. Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, tulidhani atasema kochi. Akasema, "Atakayekuja msimfungie ofisini, mpelekeni matopeni. Na nyinyi jiandikisheni kupiga kura, wavivu nyie."

Tumekusikia, mwenzetu. Asante kwa kutupigania, wenye miguu miwili na wenye minne. Mumeo fundi saa amekusubiri miaka yote hii bila kununa. Nenda sasa ukampe zamu yake. Kula, lala, nenepa kidogo, maisha yako yawe mema. Siku ya uchaguzi tukutane kwenye foleni mapema: kazi umestaafu, kura haina kustaafu.