Sanduku la Sabini na Saba

DADA: Haloo? Nani mwenzangu? Baba?

KITINDA: Si Baba, ni mimi, Kitinda. Natumia simu yake. Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Paza sauti, hapa ghalani mabati yanapiga kelele na huu upepo. Anaendeleaje?

KITINDA: Hivyohivyo. Daktari katuambia tukae naye tu, tusimhangaishe tena na safari za hospitali.

DADA: Kasema hivyo?

KITINDA: Jana. Uko peke yako?

DADA: Niko na mawe. Masanduku mia nne ya mawe marefu kama michi, yote yalitolewa kwenye kile kisima cha utafiti alichochimba Baba enzi zake. Tunapima kama huko chini, kilomita mbili, mwamba unaweza kushika hewa chafu ya viwanda isipande tena juu. Ukiyaona mengine —

KITINDA: Hayohayo mawe ndiyo yanatutesa huku. Baba anaweweseka tangu asubuhi. Mjane wa Mrefu amekuja kumjulia hali —

DADA: Mrefu yule mwenzake Baba, aliyefukuzwa kazi kisimani?

KITINDA: Huyohuyo. Mkewe kaketi kando ya kitanda, hata chai hajagusa. Baba kamshika mkono, anamwambia, "Mumeo hakulipanga lile sanduku. Nililipanga mimi."

DADA: Sanduku lipi?

KITINDA: Kuna jingine? La sabini na saba, lililovurugwa mpangilio, likamfukuzisha Mrefu kazi. Baba si kaapa miaka yote hakuligusa? Ni homa hiyo. Sasa mama wa watu analia, hajui ashike lipi.

DADA: [Mabati yanagonga.]

KITINDA: Dada? Au mtandao?

DADA: Nipo.

KITINDA: Wewe si unalo hapo? Mwambie umelifungua na si mkono wake, roho yake itulie. Asituondokee huku anajisingizia. Naweka spika.

DADA: Ngoja kwanza, Kitinda, usiweke —

KITINDA: Nimeshaweka. Baba, huyu hapa bintiyo. Sanduku lako kaliona.

DADA: Shikamoo, Baba.

KITINDA: Kaitikia kwa kichwa. Sema, anakusikia. Na yule mama mgeni naye yupo.

DADA: Baba... nililifungua juzi. [Mkwaruzo.] Halina mwandiko wako. Pumzika, Baba.

KITINDA: Umesikia, Baba? Msomi mwenyewe huyo. Mama, umesikia? Homa tu. Ngoja nizime spika, nitoke nje kidogo. [Mlango.] Asante, dada. Umetutua mzigo.

DADA: Amesemaje?

KITINDA: Hajasema. Kageukia ukutani.

DADA: Kitinda, nimesema uongo.

KITINDA: Uongo gani tena?

DADA: Unakumbuka alivyokuwa akituimbisha? Jiwe ukilisimamisha —

KITINDA: Mstari mwekundu kulia, mweusi kushoto. Alituchorea mpaka kwenye miguu ya meza, Mama yetu akanuna wiki nzima.

DADA: Humu mwekundu uko kushoto. Changarawe juu, tope chini. Mimina udongo kwenye ndoo ya maji, kizito ndicho kinachotangulia kuzama. Sanduku zima limepangwa miguu juu, kichwa chini. Alikuwa amechoka siku ile, sijui. Na namba, zile saba —

KITINDA: Usiniambie.

DADA: Zimefungwa mkanda kiunoni, kama saba zote za Baba.

KITINDA: Labda hata Mrefu aliandika hivyo.

DADA: Za Mrefu ziko kwenye la sabini na sita. Hazina mkanda. Baba haweweseki, mdogo wangu. Alikuwa anatafuta shahidi, na shahidi ni mimi, nikamkana mbele ya yule mama. Nilimwonea huruma. Naumia, Kitinda. Rudi ndani, weka spika tena.

KITINDA: Dada, huyu mzee hamalizi wiki. Unataka tumzike na jina gani?

DADA: Na mwenzake alizikwa na lipi?

KITINDA: Yule mama anaaga. Anavaa viatu mlangoni.

DADA: Mzuie.

KITINDA: Salio linaisha, simu inalialia —

DADA: Mzuie, nimwambie mwenyewe. Kwenye ripoti nitaandika ilivyo, lakini yule mama ripoti ataisomea wapi? Kitinda, nakuomba, mpe hiyo simu, mpe tu —

KITINDA: Haloo? Dada? Haloo? [Anashusha simu.] Hapana, mama, tulikuwa tunasalimiana tu. Imekatika. Haya, mama, nenda salama. Asante kwa kuja kumwona.