Miaka Thelathini na Moja ya Kuuliza Kama Inacheza

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi wetu wa vyuma vya sitaha anastaafu baada ya kukitumikia chuo hiki cha ubaharia kwa miaka thelathini na moja. Kwenye barua za ofisi ni Fundi Mkuu. Karakana nzima inamwita Inacheza, kwa sababu hilo ndilo swali lake kwa kila nati anayoigusa, na jibu lisipomridhisha huliuliza tena.

Aliajiriwa kama mpiga rangi. Siku moja alimaliza kupaka sitaha ya mashua ya matanga, akamwambia nahodha kwamba rangi hiyo ni kazi bure, maana chuma cha kufungia kamba kimelegea bolti zote nne. Nahodha alifoka, akaenda kukitikisa mwenyewe, kikacheza mkononi mwake. Wiki iliyofuata mpiga rangi alikabidhiwa spana.

Kazi yake haikuwa na mbwembwe. Makapi, magurudumu yale ya kupitishia kamba, yakianza kulia, sisi wote tulikimbilia kopo la grisi. Yeye alichukua ndoo ya maji ya bomba, akaosha chumvi kwanza, akidai kwamba grisi juu ya chumvi ni sawa na kupaka mafuta mguu wenye matope. Mara nyingi kelele ziliishia kwenye ndoo. Kulikuwa na winchi moja ya kuvutia kamba iliyotutesa mwezi mzima, ikiteleza kila tanga lilipojaa upepo, hadi tukaandika barua ya kuomba nyingine. Aliifungua juu ya gazeti, akakuta springi ndogo isiyozidi ukucha imewekwa kichwa chini. Hakuuliza nani aliiweka. Ni mimi, na alijua.

Nyumbani nako ni yaleyale. Mkewe anasimulia kwamba siku alipokwenda kujitambulisha kwa mama mkwe, kabla hajakaa alitikisa mguu wa meza. Mchuzi ukamwagika, na uchumba ukaponea chupuchupu. Jioni ileile alirudi na nyundo.

Sasa kosa lake, ambalo mwenyewe ameng'ang'ania liandikwe. Miaka kumi na tisa iliyopita winchi ya upande wa kushoto ilianza kutikisika. Alikaza bolti kutoka juu, zikakaza vizuri, akatia sahihi kwenye daftari la matengenezo. Hakushuka kutazama chini ya sitaha, ambako maji yalikuwa yamepenya kwenye matundu ya bolti na ubao wa ndani umeoza kama mkate uliolowa. Kesho yake, baharini, winchi iling'oka pamoja na kitako chake. Baharia aliyekuwa akivuta kamba alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Baharia huyo ndiye mtunza stoo anayeandika haya.

Ofisi ilitaka kuandika kwamba sababu ni upepo mkali. Alikataa katakata. Aliandika kwa mkono wake kwamba alikaza juu na hakutazama chini, na cheo kikamkwepa kwa miaka sita. Sikumwonea huruma. Miaka miwili hatukusalimiana.

Kisha siku moja alikuja dirishani pa stoo. Alieleza kwamba tangu ajali ile hasaini kazi yoyote mpaka mtu ashuke chini ya sitaha na kushika nati, wakati yeye anavuta chuma kwa juu. Akaomba mtu huyo niwe mimi, na mkono uwe huuhuu ulioumizwa. Mkono ukisema nati inacheza, mashua haitoki. Nilimtukana nusu saa nzima. Halafu nikashuka.

Tumefanya hivyo miaka kumi na saba. Yeye juu, mimi chini na tochi mdomoni. Hakuna aliyeumia tena.

Jumanne wiki hii uongozi ulimwandalia safari ya kumuaga kwa mashua ileile ya ajali, keki na viti vikiwa tayari. Asubuhi akaniita tukague. Nati ya pili ikasogea chini ya vidole vyangu. Akafuta safari yake mwenyewe, keki tukaila gatini huku mkurugenzi amenuna, na yeye akashinda siku mbili akikata ubao uliooza, akiziba na kufunga bamba jipya kwa chini.

Alhamisi mchana tulifanya ukaguzi wa mwisho. Alivuta, akauliza kama inacheza. Nikamjibu haichezi. Akauliza tena, sauti imekauka, na mara ya tatu nikatambua kwamba haulizi habari ya nati. Nikamjibu tena ya nati tu.

Basi jibu ni hili, na nalitoa mbele ya wafanyakazi wote. Haichezi, kaka. Nilikusamehe siku ile ya kwanza niliyoshuka, ila nilikuwa na kiburi cha kutokwambia. Asante kwa miaka yote uliyolala kifudifudi juu ya sitaha kwa ajili ya mikono ya wengine. Funga kisanduku cha spana, nenda ukapumzike na mkeo, na uziache meza za watu. Huku chini nimeshika mimi.