Mwalimu Sellah Nasike na Ahadi Aliyompa Mtoto

Ndugu waombolezaji, wachungaji, walimu na majirani mliofika hapa Kiminini, mimi naitwa Hesbon Wabwile, ndugu mdogo wa marehemu, na familia imenituma nisome historia ya dada yetu, Mwalimu Sellah Nasike, nami nimeiandika kwa mkono wangu, na iko sehemu moja wazee walitaka niiruke, lakini shemeji Kimeli na watoto wamesema isomwe yote.

Sellah alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, kijijini karibu na soko la Ndalu, mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Petro Wabwile na Mama Rispa, ambaye tuko naye hapa, na Mama anakumbuka kwamba hata akiwa na miaka minne, akisikia mtoto wa jirani anachapwa, aliacha chakula chake na kwenda kusimama nje ya mlango wa nyumba ile mpaka kiboko kinyamaze.

Alisoma shule ya msingi hapo Ndalu kuanzia 1978 hadi 1985, akaendelea na sekondari ya wasichana mjini Bungoma hadi 1989, na barua alizomwandikia Baba kutoka bwenini zilijaa shida za wasichana wengine, yake hakuitaja hata moja, kisha akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1993.

Septemba mwaka huo alianza kufundisha katika shule moja ya msingi upande wa Kitale, na baadaye akafanywa mwalimu wa ushauri, kazi iliyomfaa kuliko mtu yeyote niliyemjua, kwa sababu alijua huzuni ya mtu kabla mtu huyo hajaketi, alimtambua mtoto aliyelala njaa kwa namna alivyoshika kalamu, na mwaka 2009, Bi Harleen mwenye duka la vitambaa pale mjini alipofiwa na mumewe, Sellah aliketi naye sakafuni siku nne karibu bila neno, ingawa dini zao hazikuwa moja.

Alifunga ndoa na Bwana Kimeli Jumamosi tarehe 14 Desemba 1996, wakajaliwa Beth mwaka 1998 na Kiplimo mwaka 2003, na sitadanganya kwamba nyumba ilikuwa ya raha kila siku, maana watu waliingia na shida zao tangu asubuhi, Sellah akawaamini wote, akidanganywa alilia, na kesho yake akaamini tena. Beth alipokuwa na miaka tisa alilazwa kwa malaria, na mama yake akachelewa kufika kwa kuwa alikuwa kwa mjane mmoja, ndipo Beth akamuuliza, "Mama, kwani mimi nikilia huwa husikii?" Sellah alinisimulia maneno hayo mara nyingi, na hakuna siku aliyoweza kuyamaliza.

Sasa nafika pale nilipoambiwa niruke.

Machi 2014 msichana wa darasa la saba, ambaye jina lake silitaji, alimweleza Sellah mambo aliyotendewa na mwalimu mmoja wa kiume wa shule hiyo, na Sellah akampa ahadi, akamwambia, "Hakuna mtu atakugusa tena, mimi niko." Mwalimu mkuu alimwita ofisini akasema, "Madam, hii maneno tumalizie hapa ndani, si unajua jina ya shule," lakini Sellah alikwenda polisi siku hiyo hiyo, akaandikisha taarifa na kukubali kuwa shahidi, na kuanzia hapo walimu wenzake waliacha kumsalimia, hata kikombe chake kikawa kinatolewa kwenye sinia ya chai.

Mimi nami nilifanya langu. Jumapili moja nilikwenda kwake na wazee wawili wa ukoo, nikamwambia, "Dada, nyamaza tu, uko na watoto, na hii kesi si yako," akasema, "Hesbon, huyo mtoto alinishika mkono. Sasa niutoe niuweke wapi?" Niliondoka bila kunywa chai, mwaka mzima sikumpigia simu, na leo nakiri mbele yenu kwamba sikuwa nimemwogopea yeye, nilikuwa nimejiogopea mimi, kwa sababu mwalimu yule aliyeshtakiwa alikuwa rafiki yangu wa kanisani.

Oktoba 2015 kesi ilikwisha, baada ya jamaa za pande mbili kukaa na kukubaliana, msichana akatolewa shuleni na kuozwa huko Mlima Elgon, na Januari 2016 Sellah akahamishiwa shule moja juu ya Kapsokwony, uhamisho ambao wengine waliuita adhabu, lakini yeye hakuukataa, alisema utamweka karibu na yule mtoto. Kila Jumamosi alipanda pikipiki kwenye miinuko ile akimuulizia, akampata Agosti akiwa mjamzito, akamtembelea mara tatu, na mara ya nne, mwezi wa Novemba, akakuta kaburi bichi, maana msichana alikuwa amefariki akijifungua nyumbani, yeye na mtoto wake, akiwa na miaka kumi na sita.

Sellah alirudi akamwambia Kimeli, "Nilimdanganya yule mtoto," na sentensi hiyo haikumtoka tena moyoni, ingawa alizidi kufanya kazi, akawapokea wasichana wengine kumi na mmoja katika chumba chake cha kupanga, na wote wakamaliza darasa la nane.

Mwaka 2019 aligunduliwa kuwa na presha, mwaka 2022 daktari akamwambia kwamba huzuni yake nayo imekuwa ugonjwa unaohitaji tiba, akampa mapumziko ya miezi mitatu, naye akarudi kazini siku ya tisa, na dawa akawa anazikumbuka siku moja, siku tatu anasahau. Jumatatu tarehe 26 Mei 2025 alianguka akiwa anamsikiliza mzazi mmoja shuleni, akapelekwa hospitali ya Kapsokwony na kisha Kitale, hakuweza kusema tena, na Alhamisi tarehe 5 Juni, saa tisa alasiri, akatuacha, akiwa na miaka hamsini na minne. Shemeji Kimeli aliniambia nje ya wodi, "Nimekaa na yeye miaka ishirini na nane, na sijawahi kumpata peke yake."

Wako watakaosema aliuawa na huruma, lakini daktari alisema ni mshipa uliopasuka kichwani, na mimi nasema tulimwachia peke yake kazi ya watu wengi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kapsokwony na Kitale, majirani wa hapa Kiminini waliopika na kulala nasi, Bi Harleen aliyeleta kitambaa cha jeneza, walimu wa Kapsokwony waliombeba mikononi hadi barabarani, na hata wale wenzake wa zamani ambao leo wamesimama nyuma kabisa, asanteni kwa kuja.

Dada Sellah, lala sasa, upate ile amani ambayo sisi hatukukupa.